Dira yangu ya mashua kwenye ndege: angani poa tu, kasheshe ilikuwa majini

Hii dira ninayo mwaka wa pili sasa, ni ile ndogo ya kufunga mbele ya usukani, saizi ya chungwa hivi, ndani mafuta mepesi na kadi, yaani kile kisahani chenye alama za mwelekeo, inaelea humo. Kwa maji niliyoyazoea sina shida nayo kabisa, inatulia haraka hata mawimbi yakichafuka. Sasa rafiki akaniita nikamsaidie kupeleka mashua yake ya matanga, upande wa pili wa ikweta huko kusini, nikasema dira nabeba yangu, za watu siziamini.

Wengi wananiuliza sumaku inaruhusiwa kwenye ndege? Hiki kidude ni kidogo mno jamani. Sheria ya mizigo ya anga inakataza sumaku kali, zile ambazo nguvu yake bado inasumbua ukiwa mita 4.6, na dira ya mkononi au ya mashua ndogo haifiki huko hata robo. Kilichonitia wasiwasi ni mafuta, maana viwanja vingi kwenye begi la mkononi kioevu mwisho mililita 100 na uamuzi ni wa mkaguzi aliye mbele yako. Yangu ina kidogo tu na imezibwa kiwandani, nikaivika soksi mbili nikaiweka kwenye begi la mkononi, sikutaka irushwe rushwe na mabegi makubwa.

Kwenye ukaguzi wakaniita pembeni. Yule mkaguzi akaigeuza juu chini, akaitikisa sikioni kama mtu anayechagua nazi, "hii nini?" Dira ya mashua. "Ina maji?" Mafuta kidogo bosi, haifunguki. Akaiweka kwenye trei jirani na laptop yangu, kadi ikazunguka yote ikaelekea kwenye laptop, akacheka sana, eti kaskazini yako iko humu. Nikapita. Ila hapo ndo ujifunze kitu, usiipakie dira pamoja na spika, hedifoni wala kava la simu lenye sumaku, mwenzangu mmoja aliichanganya na kispika chake begini, kufika kaskazini imekuwa kusini, ikabidi atafute fundi.

Tukiwa juu nikaichungulia, nikakuta kiputo kama punje ya dengu. Moyo ukapiga paa! Kumbe mgandamizo wa hewa ndani ya ndege unashuka, ni kama umepanda mlima wa mita 2,000 hivi, na mafuta nayo yanasinyaa yakipoa, kiputo kikajitokeza. Nilivyofika nikaiacha chumbani kwenye joto, kesho yake hakipo. Kingebaki na kukua hapo ningejua imevuja.

Sasa kilichonikera. Tumetoka bandarini, naangalia kadi imeinama, upande wa kusini umezama na wa kaskazini umenyanyuka. Nikadhani nimeifunga vibaya, nikafungua skrubu, nikafunga upya, vilevile. Ishu ni kwamba nguvu ya sumaku ya dunia hailali sawa na maji, inaingia ardhini kwa mshazari, ukiwa kaskazini inavuta ncha ya kaskazini chini, ukiwa kusini inavuta ncha ya kusini, karibu na ikweta ndo inakaa sawa. Kiwandani wanaweka kauzito kidogo kusawazisha kadi kulingana na kanda utakayotumia. Yangu ni ya kaskazini, kwa hiyo huku kusini kale kauzito kalikuwa kanaongezea ubaya. Upepo ukishika na mashua ikilala, kadi inakwaruza kioo, inaganda, halafu inaruka nyuzi 20 kwa mpigo. Unashikaje mwelekeo hapo? Nikaivua nikaiweka kabatini, tukaenda na ile ile ya rafiki niliyoidharau, alinitania safari nzima.

Aliyeniuzia hakusema neno, japo nilipoigeuza nikakuta kialama cha kanda chini kabisa, maandishi madogo ya kusoma na tochi, basi lawama tugawane. Fundi wa dira anaweza kuisawazisha upya kwa kanda nyingine, na zipo zinazotengenezwa kwa dunia nzima, kama unavuka ikweta uliza hilo kabla hujalipa.

Dira naipa nyota 4, moja nimekata kwa hayo maandishi. Kurudi niliivika soksi zilezile, mkaguzi wa huko hata hakuigusa.