Duka la nguo za watoto Mtwara mjini, mzigo mzuri ila midomo yao!

Jamani wamama wa Mtwara, kuna duka la nguo za watoto hapa mjini, jina silitaji, nilienda Jumamosi kumtafutia mwanangu nguo za sikukuu na nimerudi moyo umechafuka.

Mzigo wanao, nisiwe mwongo. Rompa za Carter's, zile nguo za kipande kimoja, ni pamba tupu, lebo ya shingoni imechapwa kwenye kitambaa chenyewe haijashonewa so haimkwaruzi mtoto, na kwa joto la huku kwetu pamba ndo mpango mzima. Ila angalieni saizi, ile 12M ni ya miezi 9 mpaka 12, mtoto akipiga mwaka ishamuisha hiyo, chukua 18M. Nimechukua mbili elfu 18, nimeshazifua rangi iko vilevile. Zile traksuti zilizoandikwa Adidas achaneni nazo, ni kopi, kitambaa nailoni, mtoto atatoka vipele vya joto mpaka makwapani.

Sasa kilichoniudhi. Kaingia mama mmoja na kibinti chake cha kama miaka mitatu, kajifunga kanga yake safi, anasema ana haraka gari la Tandahimba, huko kwa wakulima wa korosho, lisimwache, akaomba kiatu cha Nike kile cha juu kabisa. Muuzaji hata kunyanyuka hataki, anamwambia mama hicho elfu 55, kama anamtisha vile. Mama akasema nishushie. Basi muuzaji na mteja mwingine wakaanza, ndo hela za korosho hizo, mwezi wa tatu anakopa unga, mtoto mdogo vile kiatu cha elfu 55 cha nini na miezi minne tu hakimuingii. Wanasema kwa sauti na mwenyewe yupo palepale!

Yule mama hakujibu. Kamvalisha mtoto, kamsimamisha, kabonyeza mbele kwa dole gumba aone kidole kimefika wapi, kachomeka kidole chake kisiginoni, akasema nipe kubwa yake. Huyo ndo wa kuambiwa hana akili? Mkulima wa korosho anapuliza salfa, ile dawa ya mikorosho, kuanzia mwezi wa tano wa sita huko, anaokota punje moja moja mgongo umeinama, anasubiri mnada, anasubiri hela iingie benki, halafu akitaka kumvalisha mwanae aombe ruhusa kwa mtu wa kaunta?

Na mimi mwanangu kavaa Nike tangu ana mwaka mmoja, nilinunua hapohapo, muuzaji yuleyule, akanisifia eti mtoto katoka bomba. Kwangu kupendeza, kwa mama wa Tandahimba ufujaji. Nikamwambia hivyo hivyo mbele ya watu, akanuna.

Mama akahesabu noti zake akalipa, mtoto akagoma kuvua, wakatoka nacho mguuni ndala ziko kwenye mfuko.

Nguo nyota nne, huduma moja. Mwenye duka ukisoma hapa kaa na huyo dada uongee naye, na kama kuna duka lingine lenye hizo rompa niambieni nihamie.