Printi ya Rembrandt: macho yameenda wapi?

Karibuni tena wadau. Leo sina simu wala spika, nina picha ya ukutani, printi niliyoinunua dukani. Rembrandt alivyojichora mwenyewe, mwaka 1628 hivi, kijana wa miaka 22, bado yuko kwao Leiden. Rembrandt ni nani? Mchoraji maarufu wa Uholanzi wa karne ya 17, basi, turuke.

Tazameni macho. Hamyaoni? Hata mimi siyaoni! Mchapishaji kapiga weusi tii kuanzia paji la uso hadi puani. Sasa ngoja nifungue faili ya Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, picha yenyewe iliko. Wanaitoa bure kabisa. Naikuza... haya. Mwanga unatoka kushoto kwetu, unagusa shingo, ndewe ya sikio, shavu, na kidogo ncha ya pua. Basi. Kwingine kivuli. Ila msiseme ni giza. Tulieni nacho kidogo, sisemi kitu...

Mmeyaona? Kumbe muda wote alikuwa anatuangalia! Hicho ndicho nilichokilipia, na ndicho walichokifuta.

Na nywele, jamani. Nisogeze kamera. Hivi vinyuzi vinavyong'aa hakuvipaka, aligeuza brashi akakwaruza rangi mbichi kwa mpini. Kwenye printi yangu zimeshikana kama ugali wa ulezi.

Halafu wameikuza iwe kama bango la daladala. Ya kweli ni sentimita 22.6 kwa 18.7, inaingia ndani ya ukurasa mmoja wa daftari kubwa. Ile unaisogelea kama mtu anayekunong'oneza.

Mtaniambia, mbona printi ya yule msichana mwenye hereni, wa mchoraji Vermeer, uliisifia? Kweli, na nilimpata kwa nusu ya bei hii. Lakini yule mwanga umemjaa usoni, hata mashine mbovu haimharibu. Huyu ukikosea kivuli, umekosea picha nzima.

Fremu sina neno nayo, mbao nzito, kona zimekaa sawa. Na mchana karibu na dirisha jicho moja linaanza kujitokeza, nisiwe mchoyo. Ila elfu themanini kwa jicho moja?

Kabla sijasahau, Jumapili niko mubashara, bonyezeni kengele. Nitachapisha hiyo faili mwenyewe, kipimo chake halisi, karatasi isiyong'aa, tuziweke pamoja hapa mezani. Duka nimeshaliandikia tangu juzi. Tiki mbili za bluu, kimya.