Rozela na bitiruti badala ya rangi ya kichupa: uzoefu wangu wa kupika ubuyu Kigoma

Napika ubuyu wa kuuza hapa Mwanga, na wateja wangu wakubwa ni watoto wa shule. Siku zote nilitumia rangi nyekundu ya kichupa, mpaka nilipokaa nikasoma lebo yake: E124, namba ya rangi nyekundu ya kutengenezwa kiwandani. Marekani rangi hiyo hairuhusiwi kwenye chakula kabisa. Ulaya, tangu 2010, chakula chenye rangi hiyo lazima kiandikwe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Januari 2025 Marekani ikapiga marufuku nyekundu nyingine, E127, na viwanda vya chakula vikapewa hadi Januari 2027 kuiondoa. Mtoto anayemumunya ubuyu mpaka ulimi na vidole vikawa vyekundu anameza rangi nyingi, na mimi ndiye niliyeitia.

Nikaagiza rozela kavu (ile choya ya kutengenezea juisi) na unga wa bitiruti kwa mjasiriamali anayekausha mwenyewe.

Kwa ubuyu, rozela imenikosha kabisa. Naichemsha kwa maji kidogo mpaka yawe rangi ya damu ya mzee, nachuja kwa kitambaa, na maji hayohayo ndiyo nayeyushia sukari. Shira ikianza kunata natia iliki, chumvi na pilipili, namwaga ubuyu na kugeuza mwiko haraka haraka. Rangi inashika kila kokwa. Siri ni uchachu: rozela hubaki nyekundu penye asidi, na unga wa ubuyu wenyewe ni mchachu. Sukari tu ndiyo inabidi kuongeza kidogo.

Wenzangu wa Kigoma, angalieni maji. Bomba letu linavuta maji ya ziwa, na maji ya Tanganyika yana alkali, yaani kinyume cha uchachu: pH yake inakaribia 9, wakati maji yasiyoegemea upande wowote ni 7. Ukiweka rozela kidogo kwenye maji mengi, rangi inafifia na kuelekea zambarau. Kamulia ndimu: inarudi nyekundu palepale, unaiona ikigeuka ndani ya bakuli. Kwa hiyo mimi natumia rozela nyingi, maji machache, na ndimu iko karibu.

Keki ni habari nyingine. Rozela ikikutana na baking powder inageuka kijivu chenye ukijani, haivutii hata kidogo. Unga wa bitiruti unaingia mwekundu mzuri, lakini joto la oveni linauua, keki inatoka kahawia. Hapo bado sijapata jibu. Ila kwenye krimu ya kupambia keki, maziwa mgando na aiskrimu, vitu visivyopikwa, bitiruti haina mpinzani: waridi safi, na kijiko kidogo kinatosha. Ukizidisha utasikia harufu ya udongo. Waambieni na kina mama mapema kwamba mkojo wa mtoto unaweza kutoka mwekundu. Ni rangi ya bitiruti tu, haina madhara.

Kuna walionishauri nitumie mawese, kwa kuwa tunayo tele. Mawese yanatoa rangi ya chungwa, tena ni mafuta, hayachanganyiki na shira. Tuyaache kwenye maharage na samaki wetu wa mgebuka.

Gharama imepanda, nisiwadanganye. Kichupa kimoja kilikuwa kinapika masufuria mengi, pakiti ya rozela inaisha upesi. Nyekundu yake pia imetulia, haiwaki kama ile ya dukani, na wiki za mwanzo watoto waliuliza kwa nini. Sasa wanakuja wenyewe kuutaka ule "wa kuchachuka".

Muuzaji arekebishe vifungashio. Pakiti zake ni za plastiki angavu, na jua linapausha rangi zote mbili, basi atumie mifuko isiyopitisha mwanga na aandike tarehe ya kukausha. Wewe unayenunua, chagua rozela nzima, nyekundu iliyokolea. Ikishakuwa ya kahawia, utapata maji ya rangi ya chai.