Tangi la Lita 1,100 kwa Kambare wa Maji Baridi: Misimu Miwili Nje Bila Hita

Habari zenu watazamaji, karibuni. Ngoja nishushe kamera karibu na maji mumwone mwenye nyumba kwanza. Huyo hapo, anapita kushoto. Mmeuona mkia? Una panda, yaani umegawanyika sehemu mbili. Kambare wengi mnaowajua, wale wa matopeni, mkia wao ni wa duara, kwa hiyo hapo hapo mnatambua kwamba huyu ni wa ukoo mwingine. Ni Ictalurus punctatus, asili yake Amerika Kaskazini. Neno hilo la pili maana yake ni mwenye madoa, na akiwa mdogo ubavu wake huwa na madoa meusi, ndiyo maana mimi humwita kambare madoa. Sasa ana sentimita 48, na amemaliza misimu miwili ya baridi humu ndani bila hita.

Ninachokichambua leo ni tangi lenyewe. Ni lile la plastiki nene, la mviringo, linalotengenezwa kwa ajili ya kunyweshea ng'ombe na farasi. Linabeba takriban lita 1,100, upana wake mita 1.6, kina sentimita 63. Nimelinunua mwenyewe, hakuna aliyenipa ili nilisifie.

Swali ninaloulizwa kila mara ni kama baridi haitamuua. Samaki huyu kwao huishi kwenye mito na maziwa ambayo uso wake huganda. Anatulia chini, mwili unapunguza kasi, anasubiri. Kwa hiyo baridi yenyewe anaiweza. Asichokiweza ni baridi kuingia ghafla, na hapo ndipo tangi hili linapoonyesha udhaifu wake mkubwa.

Ziwa lina ardhi pande zote inayolikinga. Tangi limesimama hewani. Linapoteza joto juu, linapoteza ubavuni, na upepo ukivuma linapoteza zaidi. Msimu wa kwanza niliweka tangi tupu tupu, plastiki na maji basi, kwa sababu nilisoma kwamba samaki anavumilia. Usiku mmoja wa upepo maji yalishuka kutoka nyuzi 16 hadi 11. Siku chache baadaye nikaona baka jeupe karibu na pezi la mgongoni, kama pamba iliyolowa. Ile ni kuvu ya majini, Saprolegnia, na wafugaji wa kambare hawa wanaifahamu sana: maji yakishuka haraka chini ya nyuzi 15, kinga ya samaki inadorora na ute wa ngozi unapungua, wakati kuvu yenyewe inastawi kwenye baridi. Kumbukeni kambare hana magamba. Ute ule ndio nguo yake. Alipona, lakini kovu lipo hadi leo, mnaliona pale akigeuka, na linaniuma kila nikiliona kwa sababu lingeweza kuepukika kabisa.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki mnachokiona. Bodi za povu gumu, unene wa sentimita 5, zimezunguka tangi lote, na nyingine iko chini yake. Hiyo ya chini iwekeni kabla ya kujaza maji, maana likishajaa lina zaidi ya tani moja na hakuna wa kulinyanyua. Juu kuna mfuniko wa mbao uliofunikwa kwa povu, nimeacha mwanya wa hewa. Sasa usiku kama ule maji yanashuka nyuzi moja, mara chache moja na nusu.

Kwa nini nisinunue hita tu? Hesabu ni nyepesi. Kupandisha lita 1,000 za maji kwa nyuzi 1 kunahitaji takriban uniti 1.16 za umeme, na hapo hujahesabu joto linalokimbia wakati unapasha. Tangi la nje hukimbiza joto usiku kucha. Halafu hita ikizimika usiku wa manane, umemtoa samaki kwenye nyuzi 20 ukamtupa kwenye baridi kwa saa chache, yaani umemfanyia lile lile linalomuumiza. Mimi fedha ya hita niliitia kwenye povu na sijajuta.

Sasa sifa za tangi, kwa sababu zipo. Umbo la mviringo ni zuri mno kwa kambare. Anatembea usiku kwa kupapasa. Ana sharubu jozi nne, na vionja ladha vimetapakaa mwili mzima, siyo mdomoni tu. Kwenye tangi la pembe nne nililokuwa nalo awali alikuwa anagonga kona na sharubu zilikuwa zinachubuka. Hapa hakuna kona. Plastiki nayo inabonyea kidogo, kwa hiyo barafu ikitanuka haipasui ukuta. Na weusi wake unamtuliza. Kwenye tangi jeupe alikuwa hatoki mafichoni.

Kasoro ya pili, baada ya kupoteza joto haraka, ni tundu la kutolea maji. Limewekwa ubavuni. Maji yakizunguka kwenye umbo la duara, uchafu unakusanyika katikati, na tundu liko pembeni! Ng'ombe hajali, lakini mfugaji wa samaki atajali kila wiki. Mimi hutumia bomba la mpira, nauvuta uchafu wa katikati mpaka kwenye ndoo. Inachukua dakika kumi. Maji ya kujazia yakiwa ya bomba, ondoeni klorini kwanza, na yasiwe na tofauti kubwa ya joto na yale yaliyomo.

Jambo ambalo watu wengi hawalitarajii: msimu wa hatari zaidi wa tangi hili ni joto. Maji ya nyuzi 0 yanaweza kubeba oksijeni miligramu 14.6 kwa lita. Yakifika nyuzi 30 yanabeba takriban 7.5, nusu tu, na wakati huo huo samaki amechangamka, anakula, anahitaji hewa nyingi. Kambare wa Afrika, Clarias gariepinus, ana kiungo cha ziada cha kupumulia, akikosa hewa majini anapanda juu anagugumia. Huyu hana. Anategemea matamvua peke yake. Pampu ikizimika usiku wa joto, asubuhi unaweza kumkuta ameelea. Kwa hiyo nina pampu mbili za hewa, moja inatumia betri na inajiwasha umeme ukikatika. Kama bajeti yako inatosha kitu kimoja tu cha ziada, chukua hiyo.

Na huyo Clarias, nimeshaulizwa, tafadhali msimweke nje kwenye baridi kali mkidhani kambare wote ni wamoja. Yeye ni wa maji ya joto.

Chakula. Mimi hufuata kipimajoto, sifuati kalenda. Juu ya nyuzi 20 anakula kila siku. Kati ya 20 na 12 naenda nikipunguza, na natumia chembe zinazozama, kwa sababu hapandi juu tena. Chini ya 10 siweki kitu. Najua inasikitisha kumwangalia siku nyingi bila kumpa chochote, lakini mmeng'enyo umelala, chakula kitaozea majini, na bakteria wa kwenye filta nao wamepoa, hawakisafishi.

Hao bakteria ndio wanaoleta balaa joto linaporudi. Samaki anaamka na njaa kabla wao hawajaamka vizuri, na nitriti, sumu inayotokana na uchafu wake, inapanda. Nitriti ikiingia kwenye damu inaizuia kubeba oksijeni, damu inageuka rangi ya kahawia, na samaki anahema huku maji yana hewa tele. Kambare madoa ni mwepesi sana kudhurika nayo. Kinga yake ni kitu kilichopo jikoni: chumvi, ile isiyoongezwa kitu. Kloridi iliyomo kwenye chumvi inagombania mlango ule ule wa matamvua na kuizuia nitriti isipite. Kwa tangi hili gramu 180 zinaleta takriban miligramu 100 za kloridi kwa lita. Ziyeyusheni kwenye ndoo kwanza, mimineni polepole.

Nilinunue au nisilinunue? Kwa samaki asiyezidi nusu mita, na kama uko tayari kulivika povu, ndiyo, nunua. Kwa maisha yake yote, hapana. Kambare huyu anaweza kuishi zaidi ya miaka 15, na mkubwa kuliko wote kwa rekodi ya uvuvi, aliyenaswa South Carolina, Marekani, mwaka 1964, alikuwa na kilo 26. Wangu atahamia kwenye bwawa la kina cha mita moja na nusu ninalolichimba. Kama huna mahali pa kumhamishia, usianze naye, na kamwe usimwachie mtoni. Anakula karibu kila kitu, samaki wadogo wakiwemo, na mto usio wake utaumia. Ulizeni pia sheria ya mahali mlipo kabla ya kumnunua. Baadhi ya nchi hazimruhusu.

La mwisho, barafu. Jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu, nalipandisha hadi nusu ya kina wakati wa baridi. Maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4, yanakaa chini, na samaki yuko hapo. Mapovu yakitokea sakafuni yanavuruga hilo tabaka. Yakitokea katikati yanaacha tundu juu na gesi mbaya zinatoka. Ikitokea tundu limeziba, msigonge kwa nyundo. Kambare ana vifupa vidogo vinavyounganisha kibofu chake cha hewa na sikio, anasikia kuliko samaki wengi, na kila pigo linamfika mwilini. Chukueni sufuria ya maji ya moto, iwekeni juu ya barafu, ishikeni mpini, subirini izame yenyewe.