Star Trek ya 1966 kwenye Blu-ray: boksi la kumfuatilia Nichelle Nichols

Anayetaka kuijua kazi ya mwigizaji Nichelle Nichols aanze na boksi hili la Star Trek, mfululizo wa runinga kuhusu safari za angani: misimu mitatu, vipindi 79 vilivyorushwa na NBC, kituo cha runinga cha Marekani, kati ya Septemba 1966 na Juni 1969. Ndani yake anamwigiza Luteni Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo cha angani, ambaye jina lake limetokana na neno letu "uhuru".

Picha imesafishwa kutoka kwenye filamu halisi ya milimita 35, na inaonekana: ukikaribia skrini unaona hata kifaa cha rangi ya fedha alichokichomeka Uhura sikioni. Iache picha katika umbo lake la 4:3. Ukiivuta ijaze skrini pana, nyuso zinatanuka. Zima pia ule mpangilio wa runinga unaolainisha mwendo, maana unaifanya filamu ionekane kama taarifa ya habari.

Picha za chombo angani zipo za aina mbili: za zamani zilizopigwa kwa mifano ya chombo, na za kompyuta zilizoanza kutengenezwa 2006. Kitufe cha "Angle" kwenye rimoti ya deki kinakuhamisha kutoka moja kwenda nyingine kipindi kikiendelea. Chagua za zamani. Zinaendana na mwanga wa seti. Kwenye sauti, kama unatumia spika za runinga tu, weka mono (sauti ya mkondo mmoja) ya awali, kwa sababu mchanganyiko wa spika nyingi ukibanwa kwenye spika mbili unaweza kuyafunika maneno kwa muziki.

Kuna jambo moja linalowachanganya watu. Uhura anavaa sare nyekundu katika kipindi cha "The Man Trap", kisha anatokea na njano katika "Mudd's Women" na "The Corbomite Maneuver". Rangi ya sare huonyesha idara, lakini hakuhamishwa. Vipindi hivyo viwili vya njano vilipigwa mapema ila vikarushwa baadaye, na diski zinafuata mpangilio wa kurushwa.

Msikilizaji wa Kiswahili asiruke "The Man Trap", ambamo kiumbe anajigeuza mwanamume Mweusi na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili. Kisha msimu wa pili, "The Changeling": kumbukumbu zake zimefutwa, anafundishwa kusoma upya, anakwama kwenye neno la Kiingereza la rangi ya buluu, na hasira zikimpanda anarukia Kiswahili. Muuguzi Chapel anamwambia asome kwa Kiingereza. Ni dakika chache, lakini Nichols anacheza uchovu, aibu na ukaidi kwa pamoja.

Dakika kama hizo ni haba, na hiyo ndiyo kasoro kubwa ya mfululizo wenyewe. Sehemu nyingi anapewa sentensi mbili tatu za kufungua masafa ya mawasiliano. Baada ya msimu wa kwanza alitaka kuacha. Martin Luther King ndiye aliyemsihi abaki. Bila hivyo tusingepata "Mirror, Mirror", anapomghilibu afisa Sulu kwenye chumba cha uongozi, wala "Plato's Stepchildren" ya Novemba 1968 na busu lake na William Shatner, mwigizaji wa Kapteni Kirk.

Manukuu ya Kiswahili hayamo. Na tenga fedha ya boksi la pili, la katuni za 1973 na 1974 zenye vipindi 22, maana humo ndimo iliko "The Lorelei Signal", ambamo Uhura anashika uongozi wa chombo kizima.