Forester ya turbo, petroli ya njiani na mlima Kitonga: uzoefu wangu

Mlio niliusikia mara ya kwanza kwenye kona za Kitonga, nikiwa nyuma ya lori la kontena, gia ya pili, mguu umekanyaga zaidi ya nusu. Ulikuwa kama punje za mahindi makavu zinazotikiswa ndani ya kopo la bati. Nikiachia mguu unakata, nikikanyaga unarudi. Mke wangu akazima redio. "Baba Neema, hiyo ni gari yetu au lile lori?" Ilikuwa yetu.

Gari ni Subaru Forester ya turbo ya mwaka 2005, injini ya lita 2.0, niliyoiagiza kutoka Japani na ninayoiendesha Dar es Salaam kwa mwaka wa sita sasa. Siku hiyo tulikuwa tunakwenda Mbeya kwa wakwe. Buti limejaa, watu watano ndani, AC inapuliza, na lile bonde la mibuyu la Ruaha Mbuyuni lilikuwa linachemka kwa joto. Nyuma kidogo nilikuwa nimejaza tangi kwenye sheli ndogo ya pampu mbili, maana taa ya mafuta ilishawaka na sheli kubwa tuliyoipita ilikuwa na foleni ya mabasi. Nilikuwa na haraka, hata risiti sikusubiri.

Wengi huniuliza gari hili linatumia petroli gani na kama kweli kuna tofauti kati ya petroli na petroli. Tofauti ipo, na nimeilipia. Ila haipo pale ambapo wengi wanadhani, kwa hiyo nianze na hili la okteni.

Okteni siyo nguvu. Nimesikia hadi mafundi wakisema petroli ya okteni kubwa "inachoma zaidi" au "ina moto mkali". Sivyo. Namba ile inapima uvumilivu. Ndani ya silinda, pistoni inapanda na kugandamiza mchanganyiko wa hewa na petroli mpaka unapata joto kali, kisha plagi inatoa cheche na moto unasambaa kutoka pale ulipowashwa. Petroli isiyo na uvumilivu haisubiri moto uifikie. Ile iliyobaki pembeni inajilipukia yenyewe, wimbi la shinikizo linagonga kuta za silinda, na hapo ndipo unaposikia yale mahindi kwenye kopo. Kipimo kinakwenda kwa kulinganisha na vimiminika viwili: isookteni imepewa 100, heptani imepewa 0. Petroli ikiandikwa 95, maana yake inavumilia sawa na mchanganyiko wenye isookteni asilimia 95.

Turbo inaongeza ugumu kwa sababu inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya silinda ileile, na mgandamizo na joto vinapanda. Ndiyo maana ndani ya kifuniko cha tangi la Forester yangu kuna kibandiko cha Kijapani ambacho kwa miaka mitatu sikukijali. Rafiki yangu aliyesoma Japani ndiye aliyenisomea: haioku. Ni jina wanaloita petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao haitakiwi kushuka chini ya 96. Ile ya kawaida kiwango chake cha chini ni 89. IST ya mke wangu, injini ya 1.3, kwao inajazwa hiyo ya kawaida na inaridhika kabisa. Na ukiangalia video za Wamarekani, angalia usichanganyikiwe: 87 inayoandikwa kwenye pampu zao ni wastani wa vipimo viwili, na ni sawa na 91 au 92 kwa kipimo tunachotumia sisi na Wajapani.

Turudi Kitonga. Nilizima AC, nikashusha gia mwenyewe ili injini izunguke kwa wepesi badala ya kuvuta kwa taabu, nikakanyaga kidogo kidogo. Mlio ulipungua lakini haukuisha. Nguvu ilikuwa imekwenda. Malori yaliyokuwa yamebeba shehena yalikuwa yanatukaribia. Tulipofika Ilula taa ya injini ikawaka, na kutoka hapo hadi Iringa mjini sikuzidi spidi 60.

Fundi niliyeelekezwa Iringa ni kijana, anatengeneza Subaru tu. Ukisema gari "linagonga" wengi wanafikiria rodi, ule ugonjwa wa kushusha injini nzima, na mimi jasho lilikuwa limenitoka kwa hofu hiyo. Yeye alisikiliza, akauliza swali moja: "Umejaza wapi, kaka?"

Plagi za Subaru zimelala pembeni, chini. Alitoa betri, akatoa na tangi la maji ya waipa, ndipo akazifikia. Alipoitoa ya kwanza aliiweka kiganjani mwangu juani. Ule udongo mweupe unaozunguka ncha ulikuwa na vidoti vidogo, vyeusi na vingine vya kung'aa, kama mtu kanyunyiza pilipili manga. "Hivi vinavyong'aa ni alumini ya pistoni," akasema. "Ungeendelea hivi mpaka Mbeya, ningekuuzia injini." Pistoni za injini hizi zikigongwa muda mrefu huvunjika kwenye kingo za ringi, na hapo hakuna dawa ila kuifungua yote. Kisha akachomeka mashine ya kusomea. Kila nikikanyaga, sensa ilikuwa inasikia kugonga na kompyuta inarudisha taimingi nyuma, yaani inachelewesha cheche ya plagi, ikirudisha zaidi na zaidi. Kumbe ndiyo sababu gari lilikosa nguvu na kunywa mafuta kwa wakati mmoja: lilikuwa linajilinda.

Jambo la mwisho alilofanya ndilo ninalolirudia mpaka leo. Alichota petroli kidogo kutoka kwenye tangi langu akaitia kwenye chupa ya glasi, akaiacha itulie. Chini hakukuwa na maji, hiyo ilikuwa nafuu. Akachukua karatasi nyeupe, akadondosha tone la petroli yangu upande mmoja na tone la petroli yake, anayoiamini, upande wa pili. La kwake lilikauka, karatasi ikabaki safi. La kwangu liliacha duara lenye mafuta, na baada ya dakika kumi duara lilikuwa bado lipo, ukilielekeza kwenye mwanga linapitisha. Akaninusisha. Ilikuwa harufu ya koroboi, ile ya nyumbani kwa bibi enzi umeme haujafika.

Mafuta ya taa. Okteni yake iko chini mno, haifiki hata nusu ya petroli, kwa hiyo huhitaji kutia mengi. Sehemu moja kwa kumi inatosha kuishusha petroli pointi kadhaa. Gari la kawaida lisilo na turbo linaweza kumeza hayo, likawa zito kidogo tu na mwenye gari asijue. La turbo, limejaa watu, mlimani, kwenye joto, linasema palepale.

Vijana huenda hawajui kwamba neno "kuchakachua" tulilisikia sana kwenye mafuta kabla halijahamia kwenye kura mwaka 2010. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza utaratibu wa kuweka vinasaba, yaani kemikali ya utambulisho, kwenye mafuta yanayouzwa nchini, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili yasiwe rahisi sana kuliko dizeli na petroli, maana faida ya mchakachuaji ilikuwa kwenye ile tofauti ya bei. Tumetoka mbali. Lakini tone langu la Iringa lilikuwa na mafuta ya taa, na kwa kuwa sikuchukua risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuwa na cha kupeleka popote. Hilo linaniuma kuliko hata fedha. Kuna mtu alijaza baada yangu kwenye pampu ileile.

Tulimwaga tangi, tukabadilisha plagi nne na filta ya mafuta, tukajaza upya mjini. Mlio ukaisha siku hiyohiyo.

Niliporudi Dar nikaanza kuandika kwenye daftari kila lita na kila kilomita. Nimefanya hivyo kwa miezi kumi na moja. Nikijaza sheli zenye magari mengi, ambazo petroli haikai ardhini muda mrefu, Forester inanipa kilomita 8.4 hadi 8.8 kwa lita moja katika mchanganyiko wangu wa foleni ya Morogoro Road na safari za wikiendi. Lile tangi la Ruaha lilikuwa linakwenda 6.1. Nimejaribu pia petroli yenye viongezo vya kusafisha, ile inayouzwa kwa jina lake la kibiashara. Tofauti ya ulaji sikuiona. Baada ya matangi manne au matano nilihisi injini inatulia zaidi asubuhi ikiwa ya baridi, na naamini ni nozeli zinazonyunyizia petroli zimesafishika. Ila kusafisha ni jambo moja na okteni ni jambo jingine. Muulize muuzaji anakuuzia lipi kati ya hayo, wengi hawajui.

Halafu kuna zile chupa za kuongeza okteni zinazouzwa madukani Kariakoo. Nilinunua tatu. Ya kwanza niliitia kwenye IST ya mke wangu, na ninasema bila kusita: ni kutupa fedha. Kilomita 14.1 kwa lita bila chupa, 14.2 na chupa, na mke wangu hakuhisi chochote. Injini isiyogonga haina cha kufanya na okteni ya ziada. Ya pili niliitia kwenye Forester, ikasaidia kidogo. Fundi wangu wa Dar aliweka mashine, taimingi haikurudi nyuma sana kama ilivyokuwa bila chupa, lakini ilikuwa tofauti ya kuiona kwenye kioo, siyo kuihisi kwenye usukani. Soma vizuri maandishi ya chupa. "Pointi 30" kwa lugha yao ni okteni 3, siyo 30, na hiyo ni kwa kipimo kilichoandikwa kwa ujazo fulani wa tangi. Nilipofungua plagi za Forester baada ya chupa hiyo, nilizikuta zimepakaa rangi ya udongo mwekundu. Ni mabaki ya madini yaliyomo kwenye dawa yenyewe, na yakizidi yanadhoofisha cheche. Chupa ya tatu nimeitunza kwa ajili ya safari ya mlimani nikiwa na mzigo. Kuitumia kila wiki, hapana.

Ninachofanya sasa ni hiki. Sishushi tangi chini ya robo nikiwa safarini, ili nisichaguliwe sheli na taa ya mafuta. Najaza Morogoro, najaza Iringa mjini. Risiti nasubiri, hata dada wa pampu akininunia. Nikikuta lori linashusha mafuta kwenye sheli, naipita, kwa sababu uchafu na maji ya chini ya tangi huwa yametibuliwa. Na kwenye dashibodi nina chupa tupu ya glasi na karatasi nyeupe chache. Wenzangu kazini wamezizoea, wawili wameniomba niwapimie. Tone la mmoja liliacha duara.

Desemba tulikwenda tena Mbeya. Tuliingia Kitonga saa nane mchana, joto lilelile, watu walewale watano, malori mbele. Nilifunga AC na kushusha vioo makusudi, redio kimya, mke wangu katoa kichwa kidogo nje anasikiliza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Tulisikia turbo inavyovuta pumzi, tulisikia breki za lori lililokuwa linashuka. Mahindi hatukuyasikia. Ilula tulisimama tukanunua nyanya ndoo mbili za wakwe.