Namba ya malipo ya serikali: uzoefu wangu

Kodi ya pango la ardhi ya kiwanja cha mama, ada za vyeti, leseni ya biashara: yote nalipa kwa namba ya malipo, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Katika mambo yote ambayo serikali yetu ya Tanzania imeyapeleka mtandaoni, kwangu hili ndilo lililomgusa mwananchi wa kawaida kweli kweli.

Wenye kumbukumbu wanajua tulikotoka. Kila taasisi na akaunti yake. Unapanga foleni benki, unarudi na karatasi ya benki ofisini, ndipo uandikiwe stakabadhi kwa mkono. Kati ya dirisha hili na lile, fedha ya umma ilikuwa na vichochoro vingi vya kupotelea. Mfumo wa GePG ulioanza 2017, yaani mfumo wa serikali wa malipo ya kielektroniki unaotoa namba hizi, ulivibana: kila bili ina namba yake, fedha inaingia akaunti ya serikali, na karani hashiki noti yako.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba haukubagua simu. Mama anatumia kiswaswadu. Anabonyeza *152*00#, anafuata menyu ya ardhi kwa Kiswahili, anapata namba yake, kisha anakwenda kulipa kwa wakala hapo mtaani. Hahitaji bando wala mjukuu wa kumsaidia. Siku hizi naona mifumo mipya ambayo kama huna simu janja na barua pepe hupiti hata hatua ya kwanza, na inaniuma, kwa sababu njia ya kuwafikia watu kama mama tayari tunayo.

Tatizo ni kwamba mageuzi yameishia kwenye malipo. Ofisi moja niliyopeleka maombi ya cheti ilinirudisha steshenari nikachapishe stakabadhi na kutoa nakala, ilhali malipo yangu karani alikuwa akiyaona kwenye kompyuta yake. Mfumo ukigoma ndiyo basi, unaambiwa njoo kesho, na aliyetoka kijijini kwa nauli yake hana wa kumfidia. Hapo kompyuta si ya kulaumiwa. Ni utaratibu wa ofisi ambao hakuna aliyeukalia chini kuubadilisha mfumo ulipoletwa.

Naipa nyota nne kati ya tano. Kwa wanaoanza: kabla ya kulipa, hakiki kiasi cha bili na tarehe ya mwisho ya namba yenyewe. Ikishapita, malipo yatakataliwa na itabidi uombe nyingine.